Swali la Digidigi

Kakakuona alikuwa mwalimu, na somo lake lilikuwa moja tu: adui akija, jikunje, wala usiitike ukiitwa. Kalunguyeye, mwanafunzi mtiifu, aliitikia "naam" kwa kila neno. Digidigi, aliyeamini mbio, alikuja darasani kubisha. Lakini ili abishe vizuri, alisikiliza kuliko wote.

"Mwalimu, na adui akiwa moto?"

"Somo langu halina moto. Kakae nyuma!"

Siku nyika iliposhika moto, mwalimu na Kalunguyeye walijikunja palepale kilimani. Digidigi, aliyekwisha kufika mtoni, alirudi. Hakupoteza muda kuwaita, maana somo alilijua. Alimsukuma mwalimu kwa kichwa, naye kwa ule mviringo wake akabingirika hadi majini. Akamrudia Kalunguyeye, lakini miiba ilimchoma pua mpaka akashindwa, na moto ukafika.

Matanga yalipoanuliwa, mwalimu alifungua darasa. Mwanafunzi alikuwa mmoja, pua imevimba, amekaa nyuma kama alivyoamriwa.

"Njoo mbele, mwanangu," alisema Kakakuona. "Lile swali lako, uliliulizaje?"