Faili Halitoki Nje

"Njoo kesho," alisema karani, kabla mama hajafungua mdomo.

"Hata salamu, mwanangu?"

"Shikamoo. Njoo kesho."

Ilikuwa mara ya kumi na moja. Mama alishavaa viatu vya raba, maana ngazi za jengo lile la kusimamia dawa zilikuwa zimemla visigino. Mapokezi walimtuma kwenye usajili. Usajili wakamwambia dawa yake haimo kwenye orodha ya nchi, kwa hiyo hawaijui. Wakaguzi nao wakasema kazi yao ni kukagua dawa zilizopo, isiyokuwepo wataikaguaje?

Na kweli haikuwepo. Zamani ilisajiliwa, kisha wakala akaona wagonjwa wake nchi nzima hawajazi mabenchi mawili, akaacha usajili ufe. Siku hizi duka likikutwa nayo linafungwa hapo hapo. Ikabaki njia moja tu, kibali maalumu cha kuagiza chupa chache kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Fomu hujazwa na hospitali, na haina hata jina la mgonjwa. Ina namba tu, kwa sababu ugonjwa wa mtu ni siri yake.

Nyumbani vilibaki vidonge vinne. Mzee wake alimeza viwili kwa siku, na daktari alishasema bila kupepesa macho kwamba vikikatika, figo hazitangoja. Hesabu hiyo hata aliyeishia darasa la nne anaiweza.

Mzee mwenyewe hakumsaidia hata kidogo. "Kapange foleni kama watu wote," alimwambia tangu siku ya kwanza. "Usije ukataja jina la mtu." Ndivyo alivyo. Siku ya harusi yao alisimama na sahani yake nyuma ya wageni, akafikia masufuria matupu.

"Leo siondoki," mama akasema, akavuta kiti cha plastiki mpaka kwenye dirisha la karani. "Utafunga ofisi na mimi ndani, kesho unikute nimeota mizizi. Nitajie faili langu liko meza gani. Nikapige magoti hapo hapo."

Karani akapandisha miwani. Alikuwa kijana mwenye uso wa mtu anayetukanwa kila siku na ameshazoea. Akafungua daftari, akapitisha kidole, akaguna.

"Mama, mbona lako limeshapita kote? Wataalamu wamelikubali wiki mbili sasa. Limebaki saini."

"Ya yule bwana wa ghorofa ya kwanza?"

"Hiyo zamani. Zamani kila mwenye kalamu alisaini, tukaingiziwa vidonge vya chaki, watu wakafa. Siku hizi husaini Mkurugenzi peke yake. Mkono wake, meza yake. Hakaimishi mtu, na faili halitoki nje ya jengo. Kanuni kaiweka mwenyewe, mwaka huu huu."

Mama akasogeza kiti mbele.

"Sasa si apigiwe simu?"

"Atasema mdomo hausaini. Ndivyo anavyotujibu."

"Huyo ni mkaidi."

"Hilo umelisema wewe, mimi simo." Karani akatazama mlangoni, kisha akainamisha kichwa kwenye tundu la kioo. "Lakini ungemwona, mama! Siku moja alirudisha faili kwa sababu ya nukta. Nukta! Tukazunguka jengo zima kuitafuta."

"Na hiyo meza yake iko wapi, nikamwone?"

"Meza ipo, mwenyewe hayupo. Mwezi wa pili huu. Alituandikia yuko safarini. Ana vibali arobaini vinamngoja, na kila mwenye kibali anakuja kunigombeza mimi."

"Safari gani hiyo isiyo na siku ya kurudi?"

"Kwani mimi mke wake?" Karani akaligonga daftari likafungika. "Wewe ukimwona, muulize. Na uniulizie na mimi."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mama hakucheka. Alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, akajifunga kitambaa chake vizuri.

"Haya," akasema. "Nitamuuliza."

Alipofika nyumbani hakupita hata jikoni. Aliingia moja kwa moja chumbani. Mzee alikuwa amelala chali, miguu imemvimba ikawa kama mito miwili, macho yameelekea mlangoni.

"Wamesemaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Wamesema dawa utaipata," akamjibu, "ukirudi kazini, Mkurugenzi."