Mpangaji wa Saa Kumi

Mteja aliingia sebuleni, akauruka ubao wa tatu kutoka mlangoni, akaendelea na hatua zake. Ubao ule ulikuwa umelegea. Kila aliyeukanyaga, ulimlilia kama paka. Dalali aliona, akajisemea ni bahati tu, akashusha pumzi.

Bahati aliihitaji. Mtaa mzima ulimwita Funguo kwa ajili ya lile rundo lililoning'inia kiunoni mwake, lakini ufunguo mmoja ulimtoa jasho kuliko zote: wa fleti hii ya ghorofa ya tatu. Wapangaji watano ndani ya miaka mitatu, na hakuna aliyemaliza miezi miwili. Bosi wake alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: ipangishe mwezi huu, au rudisha rundo zima.

"Sakafu ni mbao ngumu tupu, dada," alianza, ulimi ukiteleza. "Siku hizi huzipati. Ukipiga deki kidogo tu, unajiona uso."

"Ni zilezile za mwanzo?"

"Zilezile! Hata msumari haujabadilishwa. Ila ukitaka, tutakutandikia zulia zito, linameza kila kishindo."

"Sitaki zulia," mwanamke alijibu upesi.

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, bado amevaa koti jeupe la duka la dawa alikofanya kazi. Alisogea hadi kwenye korido, lakini hakuingia chumba chochote.

"Chumba kidogo kinapata jua la asubuhi," alisema.

Funguo alidhani anaulizwa. "Tena sana!"

Akatupia jicho saa yake. Saa kumi kasoro dakika nane. Alikuwa amembembeleza huyu dada waje asubuhi, naye akang'ang'ania alasiri, eti kazi haimruhusu.

"Basi twende ofisini tukaandikiane mkataba," Funguo alisema, tayari ameshika kitasa.

"Bado. Nasikia mpangaji wa mwisho aliacha hadi godoro."

"Ah, watu bwana! Wana haraka zao."

"Haraka ya nini?"

Funguo alifungua kinywa adanganye, maana uongo mdogomdogo ndio uliomlisha miaka yote. Lakini macho ya yule mwanamke yalikuwa ya mtu asiyejua usingizi siku nyingi. Akamfikiria humu ndani, peke yake, kila siku. Akaachia kitasa.

"Dada, acha niseme kweli, riziki nitaitafuta kwingine. Humu alifariki mtoto. Homa ya siku mbili tu. Wazazi wakaachana, kila mmoja akashika njia yake. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa na mlinzi. Tangu hapo, saa kumi ikigonga, muda wa watoto kutoka shule, kuna anayekimbia juu ya mbao hizi. Humwoni, unamsikia tu. Nakuomba, achana na nyumba hii. Nitakutafutia nyingine mimi mwenyewe."

Alitarajia apige yowe, au amcheke. Mwanamke alirudi sebuleni, akaweka mkoba chini, akaketi sakafuni, akalaza viganja vyake juu ya mbao.

"Tungoje," alisema.

Funguo hakuwahi kungoja. Siku zote alihakikisha saa kumi inamkuta barabarani. Leo miguu ilitaka kuondoka, aibu ikaikatalia: atamwachaje mwanamke wa watu peke yake?

Kwanza mlango wa chumba kidogo ulijisogeza. Kisha vikaja vishindo, vyepesi, vya haraka, vikipiga korido yote bila kupumzika. Funguo alirudi nyuma. Mgongo wake ukagota mlangoni, funguo zote zikalia kiunoni kwa jinsi alivyotetemeka.

"Dada, inuka!" alinong'ona. "Inuka tutoke!"

Vishindo viliingia sebuleni, vikaja moja kwa moja, vikakoma ghafla mbele ya yule mwanamke. Mwanamke akainua mikono yake taratibu, akaiacha hewani, kimo cha mabega ya mtoto.

"Mara ngapi mama amekwambia usikimbie peku kwenye mbao?" alisema, machozi yakimchuruzika. "Haya, lete mguu nione kama umechomwa na kibanzi."