Kiti cha Paroko Mpya

Misumari mitatu ilikuwa bado midomoni mwa fundi seremala pale mtu alipopiga magoti upande wa pili wa kitubio na kuanza kuungama.

"Nibariki, Padre, nimekosa."

Fundi aliduwaa. Alikuwa amejifungia mle ndani kujaribu komeo, baada ya kukaza kiti kilichokuwa kikiyumba miaka nenda rudi. Hakutaka paroko mpya akalie kitu kibovu. Misa ya kumpokea ilikuwa saa nne, na ilitangazwa kwamba kuanzia saa mbili padre mwingine, mgeni kutoka parokia jirani, angeungamisha watu. Padre huyo hakuwa amefika. Aliyekuwemo ni fundi, na nyundo yake mapajani.

Alitaka kusema "Ngoja, ndugu," lakini misumari ilimzuia, na kabla hajaitoa yule mtu alishafika mbali.

"Ni habari ya simu, Padre. Mwaka jana, wakati wa mvua. Nilikuwa nimejilaza mchana pale nyumba ya mapadre, Paroko katoka kidogo. Simu ikalia, nikaipokea mimi. Mtu akasema kuna mama anakata roho nyuma ya soko, anaomba mpako wa wagonjwa. Nikamwambia sawa, padre anakuja. Mvua ilikuwa kubwa. Nikarudi kulala."

Misumari ilimdondoka fundi mmoja mmoja. Mama huyo alikuwa mama yake.

Alikufa jioni ile, macho mlangoni, akiuliza kila aliposikia hatua kama ni Padre. Jirani aliyepiga simu aliapa kwamba waliahidiwa. Fundi hakulia msibani. Alifunga kibwebwe, akazunguka jumuiya zote akikusanya sahihi, akamwandikia Baba Askofu barua ya kurasa nne: paroko wetu hana huruma, tunaomba mwingine. Watu wakampachika jina la Wakili. Paroko alipotakiwa kujieleza alisema neno moja tu, "Nisameheni," na Wakili akaona huo ni ushahidi tosha. Barua ikajibiwa. Leo mzee wa watu alikuwa anaondoka.

"Walipomjia juu, nilinyamaza," sauti iliendelea. "Alijua ni mimi. Akabeba lawama, nami nikamwachia abebe. Wamemwondoa kwa kosa langu, Padre. Nifanye nini?"

Fundi alichungulia kwenye matundu ya mbao. Aliona bega tu, na shati la drafti. Nyumba ya mapadre haikosi wageni: madereva, wanakwaya, wauza vitabu. Sauti hii hakuijua. Alitamani apenyeze mkono amkabe mtu koo. Alitamani pia kulia. Hakufanya hili wala lile.

"Padre?"

Fundi akaikamata nyundo kwa mikono miwili.

"Sawa. Hata mimi ningekosa la kusema."

Yule mtu akainuka, viatu vikaenda zake. Fundi akalivuta komeo, akalivuta tena. Alikuwa amelitengeneza vizuri mno. Lilipokubali kufunguka, kanisani walikuwamo wanakwaya watatu tu wakibishana nani aanzishe wimbo.

Alikimbia hadi nyumba ya mapadre. Paroko alikuwa chumbani kwake, anafunga sanduku kwa kamba.

"Baba, haikuwa wewe," fundi alisema akihema. "Nimejua leo. Namwambia Baba Askofu sasa hivi, kabla ya misa."

"Umejulia wapi?"

"Kitubioni. Alidhani mimi ni padre."

Paroko aliiachia kamba. "Basi linafia huko huko, mwanangu. La kitubioni halitoki, hata likisikiwa na fundi. Hata mimi usiniambie."

"Lakini unaondoka bure! Ni mimi niliyeandika ile barua."

"Niliisoma. Una mwandiko mzuri." Akamshika bega. "Maji yameshamwagika. Mpokeeni mwenzangu vizuri. Anakuja na mzigo mzito kuliko huu wangu."

Fundi akaigeukia ile kamba. Akainama, akamalizia fundo la kamba, akalibeba sanduku hadi garini. Ndilo jambo pekee aliloweza kumfanyia.

Saa nne kamili alisimama mbele ya altare, mwenyekiti wa kamati ya mapokezi, ameshika sahani yenye funguo za kanisa. Mfukoni alikuwa na hotuba yake: hatimaye tumempata mchungaji anayekuja akiitwa. Alipitisha macho benchi kwa benchi akitafuta shati la drafti. Aliyaona mawili, moja la mwalimu wa shule anayemfahamu tangu utotoni, jingine la mtoto wa miaka sita. Nje, gari la mzee lilikuwa linatoka getini. Alikataa kuagwa.

Kengele ikalia, watu wakasimama, vigelegele vikapasua paa. Paroko mpya alipita katikati yao ndani ya kasula nyeupe, Baba Askofu akimfuata. Akazipokea funguo, akamshika fundi mkono kwa mikono yake miwili, kisha akageukia waumini.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema kwenye maiki, na fundi akaijua ile sauti.

"Milele na milele, amina!" kanisa zima likaitika. Dada yake fundi, benchi la mbele, akamwinamia huku machozi ya furaha yakimtiririka: "Hongera, kaka. Huyu sasa, tukimpigia simu atakuja."