Mkojo wa Mlangoni

Bwana wa nyumba alimkamata mtoto wa mbwa shingoni, akamsukuma pua kwenye mkojo. "Mnamdekeza! Huyu hafundishiki!"

Mama mkwe wake alisimama na tambara mkononi. Tangu aje kumtembelea bintiye, wiki nzima, ndiye aliyekuwa akimtoa nje mbwa huyo, kila akila, kila akiamka. Mchana kutwa sakafu ilikuwa kavu. Mkojo ulimtoka mara moja tu kwa siku, na mahali pamoja: hapa mlangoni, viatu vya huyu bwana vikianza kulia kwenye ngazi.

Kikombe kikagonga kisahani. Mama akageuka.

Bintiye alikuwa ameketi mezani, macho kwa mumewe. Chai ya moto ilimmwagikia vidoleni, na wala hakuifuta.

Ee Mungu nisamehe, mama akasema moyoni, kumbe nimekuwa nikifuta sakafu tu, mwanangu simwoni.

Akamtupia mkwewe tambara kifuani.

"Futa, baba. Mbwa hana kosa. Mkojo huu umeuleta wewe."

"Mama, unasemaje?"

"Umenisikia."

Nyuma yao bintiye akaweka kikombe chini, akapita katikati yao, akaufungua mlango wazi, akamtazama mumewe atoke.