Kidole Kilichopinda

Alinanuswe alikuwa akiwanawisha wageni waliokuja Tunduma kumtuza mumewe, mzee aliyeongoza mgomo wa kususia mabucha ng'ambo ya mpaka, enzi zile Wazungu wanaingia ndani na Waafrika wanauziwa dirishani.

Zamu ya mzee ilipofika, naye akajipaka sabuni, bibi mmoja kutoka Zambia akakishika kidole chake kilichopinda. "Kumbe hakikunyooka! Mlango wa bucha ulikibana aliponikinga mimi."

Miaka yote ya ndoa Alinanuswe alikikata kucha kidole hicho kwa upole, akiamini maneno ya mumewe kwamba kilibanwa na mashine ya kukoboa kahawa.

Akamgeukia mumewe kwa wivu. "Mzee wangu, kumbe mashine yenyewe ilivaa gauni?"

Wageni wakacheka. Mzee akainamia mikono yake yenye povu.

Alinanuswe akampa yule bibi jagi. "Haya, mke mwenzangu, msuuze wewe."