Kapu la Baba Abati

Bi Sabuni alitua kapu mbele ya lango la monasteri, akaketi juu ya jiwe, akasema haondoki.

Bawabu akashika kiuno. Miaka thelathini mfuaji huyu alikuwa akija bila kukosa: Jumatatu anapokea nguo za Baba Abati langoni ndani ya kapu hilo la monasteri, Alhamisi anazirudisha zimenyooka kwa pasi, anamwamkia Baba, anakwenda zake. Leo alitaka kuingia ndani. Abati, mkuu wa watawa, alikuwa hoi, gari la wagonjwa lilikuwa njiani, na daktari alikwisha kusema kwamba safari hiyo huenda isiwe na kurudi.

"Nimwone tu," alisema. "Hata kutoka mlangoni."

"Sheria unaijua, Bi Sabuni. Mwanamke haingii humu ila awe damu moja na mgonjwa. Wewe ni nani wake?"

Akatazama kapu. "Mfuaji wake."

Bawabu akaguna. Yeye alikuwa na hadithi yake, na mtaa mzima alikwisha kuugawia bure: hawa walikuwa wachumba kabla Abati hajaweka nadhiri. La sivyo, mwanamke gani anakataa posa tatu, moja ya mtu mwenye tanuri lake la mikate, ili afue kanzu za mwanamume mmoja? Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hata kapu lilikuwa ushahidi. La henzirani, limechakaa, seremala wa humo ndani amelifunga mpini mara nne. Siku seremala alipoleta jipya, Abati, mtu mpole kama maji ya mtungini, alilikataa kwa ukali hata mwenzake akashikwa na kwikwi. "Kapu la mapenzi hilo," bawabu alimwambia, wakacheka mpaka machozi.

Leo kicheko hakikuja. Alikumbuka siku alipomuuliza Abati maana ya cheo chake. Abati alipenda maneno kuliko chakula. Akaketi naye kwenye benchi, akasema ni neno la kale, la watoto kumwitia baba yao nyumbani, hata kabla meno hayajaota. Watawa wa jangwani wakalichukua, likasafiri kutoka lugha hadi lugha. Kwingine likaharibika, wakubwa wakajivika cheo hicho ili wale mavuno ya nyumba wasiyowahi kusali ndani yake. "Lakini asili yake ni baba tu," alisema. Ndiyo maana humo ndani kila mtu alimpa yeye shikamoo, hata seremala aliyemzidi miaka kumi, naye hakumpa mtu.

"Na wewe uliye baba wa wote," bawabu alimtania, "ni mtoto wa nani?"

Abati alitabasamu, akageuka kutazama lango. Ilikuwa Alhamisi.

Honi ikalia. Watawa wanne wakamtoa Abati juu ya machela, amebaki mifupa na macho. Bawabu akafungua mbao zote mbili za lango, akili ikimwenda mbio. Sheria ilimkataza mwanamke kuingia. Haikumkataza mgonjwa kupumzishwa nje.

"Tueni kidogo," aliwaambia. "Kizingiti kinateleza, msije mkamwangusha."

Kizingiti kilikuwa kikavu kama mfupa. Wakatua, pembeni mwa jiwe.

Bi Sabuni akapiga magoti, kama siku zote. "Shikamoo, Baba Abati."

Abati hakuitikia. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi polepole, ukapapasa, ukashika ukingo wa kapu.

"Shikamoo, mama."

Watawa wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba homa imepanda kichwani.

Mtandio wa mfuaji ulikuwa umemteleza, nywele nyeupe pe, wala hakuurudisha. Aliuweka mkono wake juu ya ule ulioshika kapu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ulikuwa na siku tatu tu nilipokulaza humu, nikagonga lango, nikakimbia."