Mumbere Ni Mmoja

Muuguzi alikuwa ameshaandika herufi M pale Wivine alipomshika mkono.

"Hapana, madame. Andika Kambale."

Mama Kahindo, aliyekuwa amempakata mjukuu wake kando ya kitanda, alicheka. Alidhani mkamwana wake bado amelewa uchungu wa kuzaa.

"Usimusikilize, amechoka. Kwetu mutoto mwanaume wa kwanza anaitwa Mumbere. Kambale ni wa pili. Baba yake ni Mumbere, na huyu ni Mumbere. Andika."

"Kambale," Wivine alirudia.

Safari hii Mama Kahindo hakucheka. Muuguzi, binti wa Masisi aitwaye Igihozo, alimtazama huyu, akamtazama yule, kalamu ikiwa hewani. Kwao kila mtoto hutungiwa jina lake, la shukrani, la dua, au hata la kumsema jirani.

"Mama, ni jina tu," alisema kwa upole.

"Kwenu ni jina. Kwetu Wanande ni hesabu. Utuachilie kidogo."

Igihozo aliweka karatasi na kalamu juu ya meza, akaenda kuwaona wazazi wengine.

Na hesabu yenyewe ni ya mama, si ya baba. Mwanamume anaweza kuoa wake watatu, na kila mmoja akaanza upya na Mumbere wake. Kwa hiyo mwanamke akisema Kambale, hata muuza mkaa wa barabarani anajua kuna aliyetangulia. Na Wivine aliolewa kanisani, kwa gauni jeupe, mwaka juzi tu! Mama Kahindo mwenyewe ndiye aliyezunguka mtaa mzima wa Majengo akimsifu kwamba binti kama huyo hazaliwi tena.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Butembo, kwa mama yangu. Ana miaka saba. Ameanza masomo."

"Mwanangu anajua?"

Wivine alitikisa kichwa. Mumewe hakujua.

Mama Kahindo alimlaza mtoto, akavuta kiti karibu. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, karibu iwe ya huruma.

"Sikia, binti yangu. Hatuna haja ya kuvunja nyumba. Huyu tumwite Mumbere, na ule wa Butembo mama yako amulee kama wake. Télesphore hatajua kitu."

"Mimi nitajua."

"Utazoea. Mwaka wa kwanza ndiyo muzito. Mutu anaita ile jina sokoni, na moyo unaruka. Alafu unaita huyu wako Mumbere, Mumbere, kila siku, mpaka ule mwingine anafutika."

Wivine aliinua macho akamtazama kwa muda mrefu. Mama Kahindo alijishughulisha na kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Na siku nikienda Butembo, mama? Nikimwita huyu Mumbere, ule nitamwita nani? Ni kusema nimemuzika, na yeye anaishi."

"Basi utaenda kumuita hukohuko, na mizigo yako mugongoni!" Upole ulikuwa umekwisha. "Njia ya muongo ni fupi. Nyumba ya mwanangu haijawahi kulala na uongo, na haitaanza leo."

Wivine alilia. Alimpenda mume wake, na alijua ni nini alichokuwa anakitupa. Alilia mpaka mto ukalowa, lakini neno lake halikusogea hata kidogo.

Mama Kahindo aliona maneno hayatoshi. Alichukua kalamu, akasogeza karatasi, na pale palipokuwa na M akamalizia mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema: MUMBERE. Ndipo mlango ulipofunguka na Télesphore, yule aliyemwita Mumbere wake wa pekee, akaingia na termosi ya uji. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyekuja mbio, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwa mtoto.

"Umemuona Mumbere wako?" mama yake alisema haraka. "Njoo, tumeshaandika."

"Mimi nimesema Kambale, Télesphore," Wivine alisema.

Furaha iliyokuwa usoni mwa Télesphore ilizimika. Alihesabu. Ilionekana wazi kwamba anahesabu, maana midomo ilicheza. Aliweka termosi chini, akaketi ukingoni mwa kitanda. Aliumia, na hakujaribu kuficha.

"Anaishi?" aliuliza mwishowe.

"Anaishi. Iko Butembo."

Mama Kahindo alisubiri. Alimjua mwanawe, mtu wa kanisa, mtu asiyevumilia hata mwenye duka anayemdanganya uzito wa sukari. Alishaanza kufikiri ni nani atakayembeba Wivine mpaka kwenye basi la Butembo.

Télesphore alivuta karatasi, akasoma kile mama yake alichoandika. Akakikata kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika: Kambale.

"We mutoto!" Mama Kahindo aliruka kutoka kitini. "Hujui kuhesabu? Anakuambia alizaa mbele yako, na wewe unaandika?"

"Minajua kuhesabu, mama. Nimejifunza leo asubui." Hakuinua macho kutoka kwenye karatasi. "Inje kuko muvuvi mumoja wa Vitshumbi, anatafuta mama yake, ananipita miaka sita. Anaitwa Mumbere. Nimemuuliza ni nani alimupa ile jina, na amesema ni wewe."